Sailensa ya Gari na Sailensa ya Bunduki

Sailensa, kwa mkazi wa Nakuru, ni lile bomba lenye tumbo linalofungwa chini ya gari ili injini isipige kelele. Neno hilo lina maana ya pili isiyosikika sana gereji: kizuia sauti, yaani mtungi mwembamba unaokazwa kwenye mdomo wa bunduki. Sheria za Kenya zinazijua sailensa zote mbili, na zinazitazama kwa macho tofauti. Gari lisilo na sailensa lina kesi. Bunduki yenye sailensa ina kesi. Katikati yao imekaa sailensa ya tatu, ya bunduki za kuchezea ziitwazo easofti, ambayo kazi yake ni kunyamazisha kitu ambacho hakikuwa kikisema.

Undugu wa sailensa hizo si wa jina tu. Mwaka 1884 Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alibuni bunduki inayojipakia risasi yenyewe, mama wa bombomu zote. Bunduki za aina hiyo zilibebwa na majeshi ya kikoloni yaliyopanda Bonde la Ufa kupigana na Wanandi, vita ambamo kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa mwaka 1905. Mzee Maxim mwenyewe aliishia kuwa kiziwi kwa mlio wa uvumbuzi wake. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, akapata hataza ya kizuia sauti cha bunduki mwaka 1909, na kampuni yake ikaja kutengeneza sailensa za injini pia. Baba aliuza kelele, mwana akauza kimya. Biashara haikutoka nyumbani. Ufundi nao ni ule ule: gesi ya moto hupitishwa kwenye vyumba vidogo vidogo, ipoe na ipunguze hasira kabla ya kukutana na hewa ya nje.

Easofti ilianzia Japani miaka ya 1970, nchi ambayo raia wa kawaida haruhusiwi kirahisi kumiliki bunduki. Umbo lake hufanana na bunduki ya kweli hadi kwenye skrubu, lakini hutema punje ya plastiki yenye upana wa milimita 6 na uzito wa gramu 0.2 hivi. Punje hiyo ikienda mita 100 kwa sekunde hubeba nguvu ya juli 1. Risasi ya bastola ya milimita 9 hubeba karibu juli 500. Nyingi za bunduki hizi husukumwa na springi na mota ndogo ya betri, kwa hiyo mngurumo wake hutoka kwenye giya zilizo tumboni. Kuikaza sailensa mdomoni ni sawa na kufunga mdomo ili tumbo lisingurume. Ndiyo maana sailensa nyingi za easofti ni bomba tupu: zimewekwa kwa ajili ya picha, kama miwani ya jua saa mbili usiku.

Swali la sheria, basi, si kama bomba hilo linanyamazisha, bali limeundwa kunyamazisha nini. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inaihesabu kuwa silaha ile yenye mtutu inayoweza kuua, na humo humo inakitia kifaa chochote cha ziada kilichoundwa au kurekebishwa kupunguza sauti au mwako wa silaha hiyo. Maana yake ni kwamba kizuia sauti cha bunduki ya kweli ni silaha hata kikiwa peke yake kabatini, kimefungwa kwenye soksi. Kukimiliki kunahitaji cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha, na bodi hiyo haina mazoea ya kugawa vyeti kwa watu wenye soksi.

Bomba la plastiki lisiloweza kupunguza sauti ya silaha yoyote ya kweli halielekei kuingia katika maelezo hayo. Lakini sailensa za easofti haziuzwi za plastiki tu. Zipo za alumini, zenye vyumba ndani, na zenye thredi zinazoweza kulingana na za bunduki halisi. Hapo mwenye mali huanza kueleza nia yake, na nia ni kitu kigumu kukitoa mfukoni. Nchini Marekani, mahakama moja ya rufaa iliamua mwaka 2010 kwamba kizuia sauti kilichotumwa kwa posta pamoja na bunduki ya hewa hakiwi silaha kwa sababu tu kingeweza kuzuia sauti ya bunduki ya risasi. Ilibidi ithibitishwe kuwa kilikusudiwa hivyo. Mshtakiwa alishinda, baada ya miaka kadhaa ya kuwa mtu anayesubiri kushinda.

Mlango wa pili wa matatizo ni silaha bandia. Sheria hiyo hiyo inakitambua kitu chochote chenye sura ya bunduki, kiwe kinafyatua au hakifyatui, na kukitumia kwa nia ya kutenda uhalifu ni kosa kubwa. Sailensa haiongezi nguvu ya bunduki ya kuchezea hata chembe. Inaongeza sura tu. Kwa bahati mbaya, sura ndiyo hasa inayopimwa.

Mlango wa tatu ni forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaziweka silaha za Fungu la 93 la orodha ya bidhaa katika mizigo yenye masharti. Vitu vya kuchezea vipo Fungu la 95, si mbali. Ila bunduki za springi, hewa na gesi zimetajwa kwa jina katika Fungu la 93, na vifaa vyake vya ziada vimepewa kichwa chao humo humo. Zawadi ya shangazi aliye ng'ambo huweza hivyo kuondoka huko ikiwa mwanasesere na kufika hapa ikiwa zana ya vita.

Ajali za kila siku zinazohusu kifaa hiki ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya duka la spea. Kijana anayeomba sailensa huulizwa, "Ya Probox ama ya boda?" Akijibu kuwa ni ya bunduki, muuzaji hunyamaza, fundi huzima mashine ya kuchomelea, na wateja hukumbuka shughuli zao kwingine. Ni sailensa pekee inayofanya kazi kabla ya kufungwa. Ya pili ni ya barabara kuu ya kwenda Nairobi: begi likifunguliwa kwenye kizuizi cha polisi karibu na Gilgil, maelezo ya juli na gramu hayasikilizwi na mtu aliyekwisha kuamuru abiria wote walale chini. Ya tatu ni ya shambani. Mkulima wa Bahati au Subukia anayenunua bunduki ya kuchezea ili kufukuza tumbili kwenye mahindi hana haja ya sailensa hata kidogo, kwa kuwa tumbili hukimbia mlio. Akiifunga kwa urembo, hubaki na bunduki nzuri na magunzi.

Sailensa ya gari haina utata wa namna hiyo. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, zinalitaka gari la injini liwe nayo, na kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zikaongeza mkazo. Hata hivyo, tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kituo chake kikiwa Naivasha, mngurumo umekuwa fasheni, na Subaru nyingi hupita Nakuru zikitangaza kuwasili kwake zingali Lanet. Sailensa ya bunduki, ambayo sheria inaizuia, ndiyo inayotafutwa kwa siri. Ile ya gari, ambayo sheria inaidai, hupatikana kila duka la spea bila cheti wala barua kwa bodi yoyote, na ndiyo ambayo vijana humlipa fundi aikate.