Sifa za Kimya cha Poti 161

Kimya cha poti 161 ni ile hali ambayo seva ya ufuatiliaji huiuliza aksesi pointi ya Wi-Fi habari zake kwa itifaki ya SNMP, kupitia poti hiyo, na hakuna kinachorudi. Skrini huandika kwamba muda umekwisha bila jibu, kisha grafu ya kifaa hicho hukatika. Katika chumba cha mitambo hakuna kitu kinachotukanwa kama kimya hiki. Ruta ikiungua hupewa pole, swichi ikizeeka huagwa kwa heshima, lakini kimya hulaaniwa tangu asubuhi hadi jioni, na wanaokilaani hawajawahi kuketi wakakisikiliza. Sifa zake ni nyingi, na za kwanza ni za ukoo.

SNMP ilitokana na SGMP, itifaki ya kusimamia ruta iliyochapishwa mwaka 1987. Mwaka uliofuata iliandikwa katika waraka wa RFC 1067, na Mei 1990 ikapata umbo lililozoeleka katika RFC 1157, kazi ya Jeffrey Case, Mark Fedor, Martin Schoffstall na James Davin. Iliwekwa juu ya UDP, njia ya kutuma pakiti bila kuthibitisha kama imefika. Hapo hakuna aliyepitiwa. Mtandao unapoelemewa ndipo msimamizi anapohitaji habari zake zaidi, na itifaki inayotaka kwanza kupeana mikono na kukumbushana kila pakiti ingekuwa mzigo juu ya mzigo. Basi swali hutupwa tu, likipotea limepotea. Kwa hiyo kimya ni mzaliwa halali wa nyumba hii, tena kina umri mkubwa kuliko Wi-Fi yenyewe, ambayo kiwango chake cha kwanza, 802.11, kilitoka mwaka 1997. Aksesi pointi imekikuta kimekaa.

Sifa ya pili ni uungwana. Katika toleo la 1 na la 2c, anayeuliza hujitambulisha kwa neno moja liitwalo komyuniti, ambalo husafiri wazi bila kufichwa. Vifaa vingi vilitoka kiwandani vikiwa na "public" kwa kusoma na "private" kwa kuandika. Fundi akilibadilisha neno kwenye aksesi pointi na kusahau kulibadilisha kwenye seva, au akalibandika likiwa na nafasi tupu mwishoni, au akaanza kwa herufi kubwa palipotakiwa ndogo, wakala wa SNMP ndani ya kifaa hamwambii kwamba amekosea. Hulitupa swali na kuendelea na kazi zake. Hakuna aliyeaibishwa, hakuna kumbukumbu ya ubishi. Wakala akiwa ameelekezwa hivyo, atapeleka taarifa ya uthibitisho ulioshindikana kwenye poti 162 ya seva, lakini kwa kawaida hakuna aliyeiwasha programu ya kuipokea, na taarifa hiyo nayo huishia kimya. Uungwana mkubwa kuliko huu haujapatikana katika mitandao.

Sifa ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni usawa. Kimya hakipendelei chanzo. Aksesi pointi iliyokosa umeme kwa sababu swichi inayoilisha kwa waya wa mtandao imemaliza bajeti yake ya wati, na aksesi pointi nzima inayohudumia watu sitini huku komyuniti yake imekosewa, zote hutoa jibu lile lile, yaani hakuna. Fayawoli iliyozuia UDP 161 hutoa hilo hilo. Orodha ya anwani zinazoruhusiwa, ikiwa bado ina anwani ya seva ya zamani iliyostaafishwa, hutoa hilo hilo. VLAN ya usimamizi isiyo na njia ya kurudi kwa seva hutoa hilo hilo. Wakala anayeongea toleo la 3 peke yake, akiulizwa kwa toleo la 2c, naye hutoa hilo hilo. Walalamikaji husema hii ni kasoro: sababu sita, dalili moja. Ukweli ni kwamba kimya kinakataa kumfanyia fundi kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Ping huanza, ingawa haithibitishi mengi. Ikijibiwa, kifaa kina umeme na njia ya kwenda na kurudi ipo kwa ICMP, basi. Kuhusu UDP 161 haijasema neno. Baada ya hapo huulizwa swali dogo kuliko yote, maelezo ya kifaa, yaliyo katika namba 1.3.6.1.2.1.1.1.0, kwa sababu kila wakala anayefuata MIB-II, orodha sanifu ya maswali ya mwaka 1991, analijua. Asiyejibu hilo hana haja ya kuulizwa idadi ya watumiaji. Kisha tcpdump hufunguliwa kwenye seva ili kutazama kama swali linatoka, na hapo kimya huanza kugawanyika kwa wanaokiheshimu. Swali lisipotoka kabisa, kosa liko kwenye seva: anwani, programu, au fayawoli ya seva yenyewe. Likitoka lisirudi, tcpdump nyingine huhitajika karibu na aksesi pointi, kwenye poti ya swichi iliyonakiliwa, ili ijulikane kama swali lilifika. Likiwa limefika na halikujibiwa, mshukiwa ni wakala na masharti yake.

Ipo hali ya tatu, ambayo wengi huifikia wakiwa wamechoka. Jibu linarudi, tena sahihi, lakini kutoka anwani nyingine. Kifaa chenye anwani mbili huulizwa kwa ya kwanza kikajibu kwa ya pili, kwa kuwa ndiyo njia yake fupi ya kutokea. Fayawoli iliyo katikati huona jibu la swali lisiloulizwa na kulitupa. Wakala amesema, seva imesubiri, na kimya kimezaliwa njiani bila kosa la yeyote kati yao.

Aksesi pointi zilizo chini ya kontrola zinastahili sifa za pekee. Katika mpangilio huo, kwa mfano ule wa CAPWAP uliowekwa kwenye RFC 5415 mwaka 2009, kifaa cha darini ni mikono tu. Akili na kumbukumbu viko kwa kontrola. Mara nyingi aksesi pointi ya namna hii haina wakala wa kujibu hata kidogo, ni kama mtoto aliyefundwa, ambaye mgeni akimhoji habari za nyumbani hutazama chini mpaka mama atoke. Mama ni kontrola, na yeye ana jedwali zima: kila aksesi pointi, chaneli yake, nguvu ya redio na idadi ya waliounganishwa. Fundi anayeingiza anwani za aksesi pointi mia moja kwenye seva, moja moja, kisha akashangaa mia moja zote kuwa nyekundu, amejibiwa vizuri sana. Alitakiwa kuingiza anwani moja.

Hata huko kwa kontrola kimya kina kazi, kwa sababu habari za redio haziko sehemu moja. IEEE ina tawi lake la 802.11 chini ya 1.2.840.10036, ambalo si kila mtengenezaji analijaza. Wengi huweka habari zao chini ya 1.3.6.1.4.1, kila kampuni na namba yake: Cisco 9, MikroTik 14988, Aruba 14823, Ubiquiti 41112. Anayeuliza namba ya kampuni moja kwenye kifaa cha nyingine, kwa toleo la 2c, huambiwa kwamba kitu hicho hakipo. Ujumbe huo si tena kimya, na watu hufurahi kuusikia, ingawa hauwasaidii zaidi ya kimya.

Toleo la 3, lililokamilishwa katika nyaraka za Desemba 2002, lilijaribu kukipunguza kimya, na matokeo ni ya kusikitisha kwa kila mpenda utulivu. Wakala wa toleo hili husema. Mtumiaji asipojulikana, husema. Nenosiri la uthibitisho likikosewa, husema. Injini ya SNMP ikiwa na namba asiyoitambua, husema hilo nalo. Kinachowasumbua wengi zaidi ni onyo kwamba ujumbe uko nje ya dirisha la muda, dirisha lenye upana wa sekunde 150. Mafundi hukimbilia kurekebisha saa na NTP, wakapoteza mchana, kwa sababu muda unaopimwa hapo hauhusiani na saa ya ukutani. Ni sekunde tangu injini ya wakala ilipoanza, pamoja na hesabu ya mara ilizowahi kuanza. Aksesi pointi iliyorudishwa katika hali ya kiwandani hupoteza hesabu hiyo, huku seva ikiendelea kuikumbuka ya zamani. Balaa kubwa zaidi hutokea pale mipangilio ya aksesi pointi moja inaponakiliwa kwenye nyingine kumi pamoja na namba ya injini: vifaa kumi na kimoja hujitambulisha kama kimoja, seva huchanganya hesabu zao, na kila kinachokubaliwa sasa hivi hukataliwa baadaye. Kelele zote hizi zimeletwa na ulinzi, na ulinzi wenyewe unafaa. Toleo la 3 ndilo pekee linaloficha nenosiri na habari zinazopita. Lakini kwa upande wa amani ya chumba cha mitambo, toleo la 2c lilikuwa na adabu.

Sifa ya kimya huonekana zaidi kikiwekwa kando ya mpinzani wake, jibu. Kimya hakijawahi kumdanganya mtu. Jibu hudanganya kila siku. Kaunta ya baiti ya biti 32, kwenye waya wa gigabiti moja unaotumika wote, hujaa na kuanza sifuri kila baada ya sekunde 34 hivi. Seva inayoisoma kila dakika tano hukuta imezunguka mara nane na ziada, ikachora msongamano mdogo kwa kujiamini kabisa. Kaunta za biti 64 zipo, ila toleo la 1 haliwezi kuzibeba. Muda ambao mfumo umekuwa hewani huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, kwa hiyo hurudi sifuri baada ya siku 497, na aksesi pointi iliyotulia kuliko zote hutangazwa kuwa imezimika na kuwaka. Nguvu ya mawimbi ya mteja, ambayo ni namba hasi, ikisomwa kama namba isiyo na alama hugeuka: -65 dBm huwa 4294967231, na kuna grafu zilizoichora hivyo bila haya. Namba za violesura nazo huweza kubadilika kifaa kinapowashwa upya, hata redio ya 2.4 GHz ikabeba historia ya ile ya 5 GHz.

Mbele ya hayo yote, kimya huacha pengo. Tobias Oetiker, aliyeandika programu za grafu za MRTG katika miaka ya 1990 na baadaye RRDtool, alikipa kimya nafasi yake rasmi: RRDtool ina thamani maalumu ya kisichojulikana, nayo ni tofauti na sifuri. Sifuri ni dai kwamba hakuna aliyetumia Wi-Fi. Pengo halidai lolote. Wasimamizi wanaojaza mapengo kwa sifuri ili ripoti ya mwezi ipendeze wamekidhulumu kimya na kuidanganya menejimenti kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wapo mawakala wanaonyamaza katikati ya mazungumzo. Wameulizwa jina, wamejibu. Wameulizwa jedwali la wateja, wamekata. Mara nyingi jibu la mkupuo limezidi baiti 1500 ambazo Etheneti hubeba kwa fremu moja, limekatwa vipande, na kipande cha pili kimeuawa na fayawoli. Kupunguza idadi ya mistari inayoombwa kwa mara moja humaliza jambo. Wakati mwingine kifaa ni kidogo na kina kazi. SNMP hupewa nafasi ya mwisho nyuma ya redio. Zana za Net-SNMP husubiri sekunde 1 na kurudia mara 5 zisipoambiwa vinginevyo, na kila marudio ni swali jipya kwa mtu aliyeshindwa kujibu la kwanza. Kuongeza muda wa kusubiri husaidia. Kuongeza kasi ya kuuliza hukizidisha kimya, na hilo ni haki yake.

Wanaotaka aksesi pointi yenye kujibu kila mtu walikwisha kuonyeshwa gharama. Februari 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, walifichua kwamba jumbe za toleo la 1 zilizoharibiwa makusudi ziliangusha vifaa vya watengenezaji wengi. Ushauri uliotolewa ulikuwa kuzima SNMP isipohitajika na kuziba UDP 161 na 162 mpakani mwa mtandao, yaani kukipanua kimya. Miaka iliyofuata vifaa vilivyoachwa na "public" kwenye intaneti vilitumiwa katika mashambulizi: mshambuliaji huuliza swali fupi kwa anwani ya kughushi, na jibu refu humwangukia asiyehusika.

Msomaji ambaye aksesi pointi zake zimenyamaza tangu siku zilipofungwa darini, kabla ya kugusa fayawoli, VLAN au tcpdump, afungue ukurasa wa mipangilio atazame kama SNMP imewashwa. Katika modeli nyingi hutoka kiwandani ikiwa imezimwa.