Bastola Katika Gunia la Shangi

Shemeji yangu ana cheti cha kumiliki silaha, na tangu alipokipata hakai tena kitini kama watu wengine. Hukaa upande upande, koti limefungwa vifungo vyote hata akiwa jikoni karibu na moto. Ana duka la vifaa vya ujenzi Eldoret, hufunga jioni akiwa na pesa za mauzo, na waliomhoji waliona sababu hiyo inatosha. Sina ugomvi nao. Ugomvi ulianza alipoamua kwamba kaka yake, yaani mume wangu, naye lazima awe na yake. Ijumaa moja akashuka Timboroa, mkate na majani ya chai mkono mmoja, fomu mkono wa pili.

Wakati aliuchagua vizuri. Juma lile tulikuwa tumeibiwa kondoo. Wezi walikata waya nyuma ya banda usiku wa ukungu, na asiyeujua ukungu wa Timboroa akumbuke kwamba hapa reli ya Eldoret ilipanda hadi karibu mita 2,800 kabla ya kupata njia ya kuteremka. Walichukua majike wanne wenye mimba, wakamwacha dume. Mbwa alibweka, mume wangu akatoka na tochi na rungu, akakuta waya tu. Tulipiga simu kuomba msaada, na gari likafika jua limeshapanda. Aliyetangulia kufika ni jirani, panga chini ya koti la mvua.

Kwa hiyo jioni ile, baada ya chakula, shemeji alikuwa na wasikilizaji waliokwisha kulainika. Hoja yake kubwa ilikuwa Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walipovamia jumba lile la maduka Nairobi na kuua watu 67, baadhi ya watu wa kwanza kuingia kuokoa waliokwama walikuwa raia wenye bastola za kibali. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, alimfuata ndugu yake aliyekuwa amenaswa mle, na picha ya mtoto wa kike akimkimbilia ilizunguka dunia nzima. Shemeji alisimulia yote hayo akiwa amesimama.

“Angengoja gari la polisi?” akauliza.

Tulinyamaza. Mtu mwenye haki katika jambo moja ni vizuri aachiwe kimya chake.

Aliyekivunja ni mama mkwe. Watoto humwita Kogo, nasi wakubwa tumezoea. “Huyo alikuwa nayo kiunoni,” alisema. “Wewe unataka ya kuweka nyumbani. Utaiweka wapi?”

“Kuna mahali pengi, mama.”

“Nionyeshe mahali pamoja.”

Binti yetu, anayesoma Chuo Kikuu cha Moi, hakumpa nafasi ya kuonyesha. Alikuwa ameshaingia kwenye simu yake. Mwaka 1993, alisema, Arthur Kellermann na wenzake walichapisha utafiti katika New England Journal of Medicine: nyumba za Marekani zilizokuwa na bunduki zilikuwa na hatari ya mtu kuuawa humo karibu mara 2.7 ya nyumba zisizo nayo, na aliyeua mara nyingi hakuwa mwizi wa usiku bali jamaa au mtu anayefahamika. Shemeji alicheka, akasema hao ni Wamarekani. Kisha akasema jambo lenye uzito zaidi: pengine anayenunua bunduki ni yule ambaye tayari yuko hatarini, na hospitali haisemwi kuwa inaleta ugonjwa kwa kuwa imejaa wagonjwa. Hakujua kwamba wakosoaji wa Kellermann kule kwao wamekuwa wakisema hivyo hivyo, na kwamba mwaka 1998 John Lott alitoa kitabu kizima kudai bunduki zikizidi uhalifu hupungua. Binti alijua, lakini hakumsaidia.

Mimi niliona wanabishana kwa mdomo wa wenyewe. Kule Marekani jambo hili ni haki: mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba raia ana haki ya kuweka bunduki nyumbani kwa kujilinda. Kwetu Katiba ya 2010 haina kifungu cha namna hiyo. Silaha ya raia ni kibali, kinatolewa na Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sura ya 114, na chenye kutolewa huweza kurudishwa. Desemba 2018 wenye vyeti wote nchini waliamriwa wajitokeze kuhakikiwa upya. Shemeji alikwenda akiwa amevaa tai.

Kogo mambo ya Marekani hayamhusu. Yeye huhesabu miaka kwa vurugu zilizopita hapa barabarani: 1992, kisha Januari 2008. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini katika vurugu hizo za pili, zile za baada ya uchaguzi, 405 kati yake vya risasi. Upande wetu huu wa Burnt Forest na Timboroa raia walikuwa na mishale, mapanga na viberiti, na familia ya jirani yetu, huyu huyu wa koti la mvua, ililala nyuma ya magunia ya viazi katika stoo yetu mpaka barabara ilipopitika. Kogo ndiye aliyekuwa na ufunguo. Husema kwamba usiku ule kijana mmoja alisimama mlangoni akimuuliza nani yumo ndani, na kwamba kijana yule alikuwa na upinde. “Angekuwa na bunduki asingeuliza,” alimwambia shemeji, akaondoka kwenda kulala.

Shemeji alilala chumba cha wavulana. Bastola aliipandisha juu ya kabati, chini ya blanketi za wageni, akaona ameiweka mbali kabisa. Nyumba ya watoto haina mbali. Kogo alipoingia kuchukua blanketi ya pili, maana baridi ya huku haina adabu, alimkuta mjukuu wake mdogo kuliko wote amesimama kwenye ubao wa kitanda, ulimi nje, mkono umenyooka kuelekea juu ya kabati. Baba yake mdogo alikuwa akikoroma.

Kogo hakupiga kelele. Alimlaza mtoto, akakiteremsha “kile chuma”, akakizungushia sweta kuukuu, akakipeleka pale alipozoea kuficha vitu ambavyo wanaume hawapaswi kuvipata kwa haraka. Stooni kulikuwa na gunia la viazi vya Shangi lililojaa nusu. Alifukua viazi, akaweka, akafunika. Nia yake ilikuwa kumrudishia mwanawe siku ya kuondoka, mbele ya mlango, akiwa ameshavaa viatu.

Ambacho hakukijua ni kwamba bei ya viazi Nairobi ilipanda usiku. Dalali, aliyepaswa kuja Jumatatu, alifika Jumamosi kabla ya mapambazuko na lori na vibarua. Kanuni za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Dalali wetu anazijua kwa moyo, ndiyo sababu hupakia gizani. Vibarua walijaza magunia yote yaliyopungua, wakayavisha vilemba vya wavu, lumbesi kamili iliyopita kipimo, wakashona, wakarusha garini. Kogo wakati huo alikuwa njiani kupeleka maziwa. Mume wangu alihesabu pesa mara mbili na kurudi ndani akipiga mluzi.

Shemeji aliamka saa nne. Tulisikia kitanda kikilia, kisha kabati, kisha kimya cha mtu anayejipapasa. Alitoka amevaa koti juu ya pajama. Watoto walipangwa mstari na kuulizwa mmoja mmoja, vitanda vikapinduliwa, hata sufuria za mawele zikafunuliwa. Kogo aliporudi na mkebe mtupu, alitutazama kwa mshangao.

“Kile chuma? Kimo stooni.”

Stoo ilikuwa imefagiliwa.

Sitaki kumcheka mtu katika dakika ile. Silaha ya kibali ikipotea, mwenyewe anatakiwa kuripoti polisi, na kuanzia hapo anajieleza yeye, si mwizi. Zaidi ya hapo, bastola iliyomo katika gunia linalokwenda sokoni Wakulima haina tena cheti. Ina mtu atakayeikuta tu. Mwaka 2012 ripoti ya Small Arms Survey na kitengo cha serikali cha silaha ndogo ilikadiria kwamba bunduki kati ya 530,000 na 680,000 zilikuwa mikononi mwa raia Kenya, idadi ambayo vyeti vya Bodi haviwezi kuieleza hata kidogo. Wengi hudhani zote huvuka mpaka kutoka Somalia na Sudan Kusini. Siku ile niliona njia nyingine, nayo inaanzia juu ya kabati. Mume wangu alisema twende kituoni mara moja, na alisema kweli. Shemeji alisema lori kwanza. Simu ya dalali ilikuwa imezimwa.

Jirani alitoa pikapu yake bila kuuliza. Kogo alikaa mbele kwa kuwa ndiye aliyelijua gunia. Wanaume wawili walikaa nyuma, nami pia, maana ilihitajika angalau akili moja iliyotulia. Tulipita Makutano, tukapita Mau Summit, tukateremka Sachangwan nyuma ya matrela, upepo ukituchoma masikio, na shemeji kila alipoona lori la kijani alisimama hata jirani akatishia kumshusha.

Tulilikuta Salgaa, mahali ambapo kila dereva wa lori hupumzika. Dereva alikuwa hotelini akila matumbo, utingo amelala juu ya mzigo. Kogo alisema gunia lake alilifunga kwa kamba ya katani yenye mafundo mawili. Vibarua walikuwa wamekata kamba zote na kushona upya kwa uzi mmoja, na magunia yote yalifanana. Ikabidi yateremshwe na kufumuliwa.

Utingo alipoona mtu wa koti anafumua lumbesi mchana kweupe kando ya barabara kuu, na mwingine anashikilia wavu, alipata jibu lake mwenyewe. Alimvuta shemeji pembeni, akamwita mkubwa, akamweleza habari za watoto wake na karo, akamtia mkononi noti ya elfu moja iliyokunjwa. Shemeji aliirudisha. Utingo akadhani ni kidogo, akaongeza. Watu walizidi kukusanyika, mama mmoja wa mahindi ya kuchoma akauliza tumepoteza nini, jirani akajibu kwa utulivu kabisa, “Sweta.” Jibu hilo lilikuwa la kweli, na lilifukuza nusu ya umati.

Sweta lilitokeza mkono wake wa kushoto baada ya Shangi nyingi kutapakaa changaraweni. Kogo alilichukua lote kama lilivyo, akalitia katika kiondo chake, akakaa juu yake. Nyumbani ndipo shemeji alipolifungua na kuondoa risasi, na vidole vyake vilikuwa vikitetemeka kwa sababu ambayo hakutuambia mapema: risasi moja ilikuwa tayari katika chemba. Bastola ile ilikuwa imerushwa garini, imekanyagwa na vibarua, imelaliwa na utingo na imepita matuta yote ya Sachangwan ikiwa hivyo.

Alinunua sefu. Alilichimbia ukutani kwake Eldoret, na tulipokwenda kumtembelea alituonyesha kwa fahari. Binti yetu, ambaye hajui kuacha jambo, alipendekeza lijaribiwe usiku, mume wangu awe mwizi. Taa zikazimwa, shemeji akalala kwa uaminifu. Mume wangu aliparuza dirisha, akaingia, akachukua redio sebuleni, akachukua chapati mbili mezani, akamaliza moja, na shemeji alikuwa bado anatafuta ufunguo, uliofichwa mbali na watoto na, ikaonekana, mbali naye pia.

Hapo ndipo mjadala ulipofia kwangu, wala si kwenye takwimu za Kellermann. Bastola ikiwa karibu na mkono wa baba, iko karibu na mkono wa mtoto. Ikifungwa barabara, mwizi hamalizi chapati. Na hata akiiwahi, atamlenga nani gizani? Usiku wa kuamkia Februari 14, 2013 mwanariadha Oscar Pistorius aliiwahi yake Pretoria, akapiga risasi nne kupitia mlango wa choo akidai kuna mwizi, na aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Kogo alikisikia kisa hicho redioni na hajakisahau. Westgate ya shemeji naiheshimu bado, lakini pale mtu alikwenda kwenye hatari akiwa macho, mchana, akijua adui yuko wapi.

Sisi tumesogeza banda la kondoo hadi ukuta wa chumba chetu, tunalala na harufu yake. Tumeweka taa ya sola, na nyumba za jirani tumekubaliana kwamba anayesikia nduru hutoka, hata kama ni mvua. Tangu hapo tumepoteza kondoo mmoja. Fomu haijajazwa.

Kwa Bodi ya Leseni za Silaha nina ombi dogo. Mwombaji akishamaliza kuhojiwa kuhusu biashara yake na maadui zake, mtumeni mtu nyumbani kwake. Amtafute mtu mzima kuliko wote katika nyumba ile, na mtoto mdogo kuliko wote anayeweza kupanda kitanda. Waonyeshwe wote wawili mahali silaha itakapokaa, kisha waulizwe wao kama cheti kitolewe.