Namna ya Kupasha Kyubiti Moto Ukiwa Mwanza

Kwanza, achana na wazo la kuomba nafasi kwenye jokofu la kiwanda cha sangara. Minofu hutosheka na nyuzi 18 chini ya sifuri. Kyubiti tunayoisema hapa, ile ya kompyuta ya kwanta za aina ya IBM, haifanyi kazi mpaka ikaribie 273 chini ya sifuri. Usikate tamaa lakini. Marekebisho yenyewe hufanyika kabla ya jokofu, kwenye joto la kawaida, hivyo umeme ukikatika unakunywa chai tu.

Ugonjwa wa kyubiti ni huu. Kiini chake ni tabaka mbili za alumini, katikati utando wa oksidi wenye unene wa nanomita moja au mbili. Utando ukizidi au kupungua unene kidogo tu, masafa ya kyubiti yanahama. Uliagiza gigahezi 5.0, umeletewa 5.1, na jirani yake naye kazaliwa na 5.1 hiyohiyo. Ni sawa na kusimama sokoni Mwaloni Kirumba ukaita “Masanja!” Vichwa ishirini vitageuka, na uliyemkusudia hatasikia kwa makelele ya wenzake.

Sasa tafuta leza ya kijani, ndiyo moto wenyewe. Makoroboi usihangaike, mtaa wenye jina la kibatari utakuuzia vyote isipokuwa hiyo. Ukishaipata, ili ujifunze kuitumia, panda daladala ya Kisesa, nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement, Mkanada. Ukibahatika kuwa huko msimu wa tamasha la ngoma la Bulabo, mwezi Juni, makundi ya Bagika na Bagalu yakijiandaa kunyang'anyana watazamaji, usikimbilie wachezaji. Mtafute anayepasha ngoma. Anawasha nyasi kavu, anailaza ngoma ubavu, ngozi ikitazama moto, kwa kuwa hewa ya ziwa imeilegeza. Anagonga kwa kiganja, anainamisha sikio, anaizungusha kidogo. Anagonga tena. Hana mizani wala saa.

Umeona? Wahandisi wa IBM walichapisha utaratibu wa namna hiyo mwaka 2021: mulika kile kiini cha kyubiti kwa leza, kiache kipoe, pima ukinzani wake, mulika tena. Wao hawana hata sikio. Sauti yenyewe haisikiki mpaka chipu iingie kwenye baridi, kwa hiyo huukisia wimbo kwa kupima ukinzani. Mpasha ngoma angewacheka.

Hapa ndipo wengi huharibu. Moto hupandisha sauti ya ngoma. Leza hushusha ya kyubiti, kwani ukinzani ukiongezeka masafa hupungua. Na kurudi juu karibu hakuna. Mwamba ngoma huvutia kwake, ila ngoma hii inavutika upande mmoja tu. Kwa hiyo tengeneza kyubiti zenye masafa ya juu kuliko unayoyataka, kama fundi cherehani anayejua mteja wake: suruali anaikata ndefu, kupunguza kutakuja baadaye.

Ukizidisha moto je? Ngoma iliyopasuka huwambwa upya kwa ngozi ya ng'ombe mwingine. Kyubiti iliyopitiliza haina ng'ombe. Iache hapohapo ilipo, uwashushe majirani zake mpaka wasifanane nayo. Yaani Masanja akigoma kubadili jina, unawabadili waliokaa karibu naye.