Kisu na Kwao

Ati alama ya nchi kwenye kisu iliwekwa kwa ajili ya mnunuzi? Msyuu! Nani kawadanganya? Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, aliyekuwa analia si mama wa jikoni. Aliyelia ni fundi visu wa Sheffield, mji wenye chama cha mafundi hao tangu 1624. Wajerumani wa Solingen walikuwa wanatengeneza visu vya bei chee, wanavigonga muhuri wa Sheffield, halafu wanakuja kumuuzia Mwingereza huyo huyo. Macho makavu!

Na simtetei Mjerumani. Vingine vilikuwa chuma cha kusubu, kukutana na mfupa tu, makali kwaheri. Hata Mjerumani mwenzao, Profesa Franz Reuleaux, alipokwenda kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876, alisema bila kumung'unya kwamba bidhaa za kwao ni rahisi na mbovu. Nyumbani wakamjia juu.

Basi Waingereza wakaona dawa ni hiyo: anayetuma mali yenye jina la Kiingereza aandike na kwao ni wapi, watu wamkimbie. Eti wamkimbie! Wajerumani wakakaza buti, mali ikapanda ubora. Mwaka 1896 Mwingereza mmoja, E. E. Williams, akaandika kitabu kizima kulalamika kwamba soko linaondoka. Jina la kitabu? "Made in Germany". Tangazo la bure hilo, tena limelipiwa na mshindani. Na patamu zaidi ni mwaka 1938: Ujerumani ikatunga sheria ya kulinda jina la Solingen lisichezewe. Mwizi wa jana huyo, leo anafunga komeo!

Wamarekani wao hawataki mchezo wa karatasi. Kwa kifungu cha 304 cha sheria yao ya ushuru ya 1930, na kanuni za forodha zinazokifuata, kisu cha nje kigongwe muhuri, kichorwe kwa tindikali, kinakshiwe, au kitiwe kibati cha kupigiliwa. Hapo nawapa heko, maana stika na maji ya moto vitakaa pamoja siku ngapi? Kisipowekwa alama, kuna ushuru wa ziada wa asilimia 10. Ukiifuta kwa makusudi ili kuficha, kosa la kwanza tu faini yaweza kufika dola 100,000, au jela hadi mwaka, au vyote viwili.

Sisi huku? Juzi machinga kanipa kisu kimeandikwa Solingen. Nikapitisha kidole gumba kwenye bapa, herufi tatu zikahamia kidoleni. Nikamwonyesha. Wala hakustuka.

"Hiyo ni rangi tu, bosi. Chuma chenyewe Mjerumani. Leta elfu mbili."