Sebule Inang'aa, Chooni Mgeni Anabana Pumzi

Msyuuu! Juzi pale kijiweni kwa muuza kahawa, hapa Tandika, nilisonya mpaka waliokuwa wanacheza drafti wakaacha kete na kunigeukia. Wala sikuona haya. Mwenzetu mmoja, dereva wa daladala, alikuwa anatusimulia maandalizi yake ya Krismasi. Sebule imepigwa rangi, mapazia mapya, vitambaa vya makochi kavifuata Kariakoo, na taa za kumetameta zimeshazungushwa dirishani. Wageni wanatoka Njombe, watu sita, watakaa mpaka Mwaka Mpya. Muuza kahawa, huku anamimina, akamuuliza, "Na chooni je?" Jamaa akapunga mkono: "Aa, choo ni choo tu, kaka."

Choo ni choo tu! Neno hili ndilo linalotuaibisha kila Desemba. Sebuleni unakaa na mgeni, unamzungumzisha, unamkaribisha soda, hata kama ukuta una ufa hatauona. Chooni yuko peke yake. Amechuchumaa, hana wa kuzungumza naye, macho yake hayana pa kwenda ila kwenye kona zako, kwenye ndoo zako, kwenye lile kopo ulilomwekea. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi naongeza: ukishaingia, uliza msala uko wapi, ndipo utakapoijua nyumba.

Hili silisemi kwa kusikia, limenikuta. Mwaka juzi, Desemba kama hii, mama yangu mzazi alikuja kukaa nami. Miaka yake imeshapita sabini. Nilimwandalia kitanda, chandarua kipya, mchele wa Kyela, na kuku wa kienyeji wawili walikuwa wanasubiri bandani. Siku ya pili jioni mke wangu akaniita pembeni. "Umemtazama mama? Hanywi. Maji hagusi, chai analowesha midomo tu, kikombe kinarudi kimejaa." Usiku wa manane nikasikia mlango. Nikamkuta kwenye korido, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umeshika kandambili. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, mle ndani panateleza, na mlango haufungi. Nilikuwa nasubiri mlale."

Jamani! Mama aliyenizaa anavumilia kiu nyumbani kwangu kwa sababu ya komeo!

Asubuhi niliingia mle na tochi, nikachuchumaa pale anapochuchumaa yeye, nikatazama anachokitazama yeye. Kopo la kutawadhia, ambalo nililishika kila siku bila kuliona, lilikuwa na mkanda wa utando wa kahawia kuzunguka ndani. Nilipitisha ukucha, ukatoka umebeba uchafu mlaini kama grisi. Sakafu karibu na tundu la maji ilikuwa na kijani chembamba, ukikikanyaga mguu unaondoka. Balbu ilishaungua siku nyingi. Nyuma ya mlango hapakuwa na hata msumari wa kutundikia khanga, kwa hiyo mama alikuwa anaishika kwa meno. Hapo nikajua kwamba nyumba yangu nilikuwa sijaisafisha, nilikuwa nimeipamba.

Nilivua shati. Nikaanza kwa kutoa kila kitu nje: ndoo, mabeseni, chupa tisa tupu za sabuni na shampuu, nyembe zilizoota kutu, vipande vya sabuni vilivyogandana, miswaki ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Huwezi kusafisha bafu lililojaa vitu, utakuwa unapanguza vitu tu. Kisha nikafanya kazi kutoka juu kushuka chini: buibui wa darini, dirisha lililokuwa limezibwa na gunia, kuta, halafu sakafu mwisho kabisa. Ukianza na sakafu utapiga deki mara mbili. Mdomo wa tundu la maji nilikuta umezibwa na nywele na sabuni. Nikavitoa kwa waya, na maji yaliyokuwa yanasimama kisigino kizima yakashuka mara moja.

Hapa kijiweni tunaye mwalimu mstaafu wa kemia, na juzi ile dereva alipojitetea kwamba choo chake anakimwagia Jik kila Jumamosi, mwalimu alishusha kikombe. Akatufafanulia yale magamba meupe yanayogeuka manjano kwenye masinki na mabomba yetu. Maji mengi ya visima vya Dar yana chumvi na chokaa. Yakikauka yanaacha gamba, na kila siku linaongezeka safu. Jik inaua vijidudu na kung'arisha rangi, lakini gamba hailiyeyushi. Gamba linataka kitu chenye ukali wa ndimu. Bomba lifunge kitambaa kilicholoweshwa siki, kaa nusu saa, sugua, linaachia. Na dawa yoyote ya choo ipe dakika 10 ifanye kazi. Wengi tunamwaga na kusukumia maji hapohapo, yaani tunainywesha karo dawa ya pesa.

Kisha akasema jambo lililotunyamazisha wote. Jik inapogoma kuondoa gamba, mtu anakasirika, anaongezea asidi juu yake. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ileile ambayo Wajerumani waliwafungulia askari wa Ufaransa kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Wale walikuwa kwenye uwanja wa wazi. Wewe uko ndani ya chumba cha hatua mbili, mlango umerudishwa, dirisha lina gunia. Hata mkojo uliokaa, ukikutana na Jik, unatoa hewa inayochoma macho na kifua. Kwa hiyo mwaga maji mengi kwanza, tumia dawa moja tu, suuza sana, nyingine isubiri siku nyingine. Na mlango uwe wazi muda wote.

Nami nikaongeza la kwangu. Zile dawa za choo za kupima tunazonunua mtaani, zimetiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Tunafika nazo nyumbani, tunaziweka chini pembeni ya ndoo. Sikukuu inaleta watoto wa shangazi, watoto wa dada, wageni wasiojua kona za nyumba, na jua la Desemba mnalijua. Mtoto mwenye kiu akiona chupa ya maji, anafungua. Iandike, iweke juu asikofikia mtoto, au usiiingize nyumbani kabisa.

Sasa nije kwenye pipa. Mitaa mingi maji yanakuja kwa mgawo, kwa hiyo bafu bila pipa si bafu. Ila mbu wa dengi naye analipenda pipa hilo. Dar tulipigwa na dengi mwaka 2014, tukapigwa tena 2019, na huyu mbu hahitaji dimbwi la barabarani. Anataka maji yaliyotulia ndani ya kivuli cha nyumba yako, na anauma mchana. Mayai yake anayabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, vitone vyeusi vidogo ambavyo ukipita haraka utadhani ni masizi. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi, ukijaza maji yanaanguliwa, na kwa joto letu wiki moja na siku kidogo yanakuwa mbu. Ndiyo maana kumwaga maji na kujaza mengine hakusaidii. Sugua pipa kwa brashi, kuta zote mpaka ukingo, kila wiki, halafu lifunike. Usipofanya hivyo, mgeni uliyemchinjia kuku Desemba utasikia Januari amelazwa.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote, anatafuna kashata yake polepole, akasema, "Sisi haya tulishafundishwa na redio." Kweli. Mwaka 1973 nchi nzima iliingia kwenye kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni 2 walikaa kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakainuka wakachimba vyoo na kufukia madimbwi kwa mikono yao. Vijana nao wanaikumbuka 9 Desemba 2015, pale Rais Magufuli alipofuta gwaride la Uhuru na kuigeuza siku hiyo kuwa ya usafi, akashika mwenyewe fagio, wakati kipindupindu kilichoanza Dar mwezi Agosti kilikuwa bado kinatutafuna. Siku hiyo mitaro ilizibuliwa, barabara zikafagiliwa, kila mtu alionekana. Ninachouliza ni nani aliyerudi nyumbani jioni ile akafungua mlango wa chooni kwake? Usafi tunaoufanya mbele ya macho ya watu hautoshi, maana ugonjwa huanza kule kusiko na macho.

Na hapa nasonya mara ya pili, msyuuu, kwa wanaotapisha vyoo. Mvua za vuli zikishuka usiku, mtu anatoka na koleo, anafungua shimo lake lililojaa, anaachia kila kitu kiende na maji ya mvua. Asubuhi uchafu wa nyumba yake uko mlangoni kwa jirani, na watoto wanaukanyaga wakienda kununua mkate. Ndugu yangu, huko si kusafisha, ni kumhamishia mwenzako kipindupindu. Wageni sita wanakuja, shimo unalijua limejaa tangu Oktoba: changishaneni na wapangaji wenzako na mwenye nyumba, gari la majitaka lije mapema, kabla ya wiki ya sikukuu. Mkisubiri tarehe 24 mtaligombania na mtaa mzima.

Mara ya tatu nilisonya pale nilipouliza swali dogo: pale kijiweni, nani anasugua choo nyumbani kwake? Wanaume kumi na moja, kimya. Ni mke, ni binti, ni dada wa kazi. Nikamgeukia dereva wetu. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kituoni, anazisugua rimu za gari lake kwa mswaki, tundu kwa tundu, na hamruhusu konda kuzigusa. Kwa hiyo kusugua anajua sana. Mkono anao, jicho la kuona doa analo. Kilichobaki ni kukubali kwamba choo anakitumia na yeye. Mwanamume anayeona kinyaa uchafu wake mwenyewe, lakini haoni vibaya mwanamke auchukue kwa mikono, huyo amekosea, na mimi nilikosea hivyo kwa miaka mingi.

Ukishasafisha, panga. Rudisha ndani kile kinachotumika tu. Mgeni haombi marumaru. Anataka komeo linalofunga, asije akalazimika kukohoa kila anaposikia nyayo. Anataka balbu inayowaka, msumari imara nyuma ya mlango, kopo jipya, kandambili zisizoteleza, sabuni mahali anapoiona bila kuuliza. Weka na ndoo ndogo yenye mfuniko, maana dada zetu na shemeji zetu nao ni wageni, na si jambo la kumuuliza baba mwenye nyumba. Kama anakuja mzee mwenye magoti mabovu, mwambie fundi seremala atoboe kiti cha mbao, akiweke juu ya tundu la choo. Mimi nilikitengenezesha, ni kazi ya nusu siku. Na kwenye nyumba za kupanga, zile za vyumba sita na choo kimoja, andikeni zamu kwenye karatasi, ibandikwe ukutani, na jina la kila kichwa cha familia, wanaume wakiwemo, lisomeke.

Zimebaki wiki chache. Usianze na pazia. Leo jioni ukirudi kutoka kibaruani, chukua tochi, ingia chooni kwako, funga mlango, chuchumaa kama mgeni, utazame kwa dakika mbili. Kitakachokufanya utake kutoka haraka ndicho cha kuanza nacho, kwa mkono wako mwenyewe.

Mama yangu amekuja tena mwaka huu. Jana jioni amekunywa chai vikombe viwili, akaomba na maji.