Ubao wa Pasi Kwanza

Kama unadhani anayekwenda kusomea uafisa wa jeshi katika chuo cha Sandhurst, Uingereza, hubeba ramani za vita, pole. Siku ya kuripoti hushuka kwenye gari la wazazi kakumbatia ubao wa kupigia pasi. Kozi ni wiki 44, na za mwanzo nyingi huliwa na mikunjo ya suruali, viatu vya kung'aa na shuka isiyo na kunyanzi. Sajenti humwita “bwana mkubwa”, kwa sauti ya kumfukuza mbwa. Siku ya kuhitimu, afisa mmoja wa chuo hupanda ngazi za jengo la kale juu ya farasi; farasi hakaguliwi pasi. Kwetu viongozi hupikwa kwa semina elekezi ya siku mbili hotelini, na shati kanyoosha dada wa kazi.