Mheshimiwa, Tuandikishe Kama Mitambo ya Upepo

Kwa Mheshimiwa Mhusika wa Utalii, Barabara, Wanyamapori, Mifupa ya Kale na Mambo Yote Yasiyo na Ofisi Yake,
Popote ulipo leo.

KUH: KUIPELEKA FAMILIA JANGWANI

Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya, na itakukuta Maasai Mara, maana huko ndiko matangazo yetu ya utalii yalikopiga kambi. Sina ugomvi na nyumbu. Kila mwaka wanavuka mto, kila mwaka mamba wanawala, na kila mwaka tunaonyeshwa upya kana kwamba safari hii mamba watafunga. Ila sisi mwaka huu tumeamua kwenda kaskazini: Samburu, Marsabit, Chalbi, Loiyangalani, hadi Sibiloi. Ndipo nikaona nikuandikie kukupongeza. Siri nyingi za serikali huanikwa magazetini kabla chai haijapoa, lakini mbuga zetu za jangwani mmezitunza zisijulikane hata na mwenye nia na nauli.

Chukua Sibiloi. Ilitangazwa mbuga ya kitaifa mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya Bernard Ngeneo kugundua huko Koobi Fora vipande vya fuvu ambalo wataalamu wa dunia nzima wanalijua kwa namba tu, 1470. Mwaka 1997 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kuna miti iliyogeuka mawe. Na juu yake kidogo, Ileret, kuna nyayo za watu wa kale zenye umri wa miaka milioni 1.5. Nyayo, Mheshimiwa! Taifa hili liliimba kufuata nyayo kwa miaka 24. Hizo za kweli zilipotangazwa mwaka 2009, kila mtu alikuwa ameshachoka kufuata.

Mwanangu wa gredi ya sita amefundishwa kwamba Turkana ni chimbuko la binadamu. Akaniuliza, kama sote tulianzia huko, mbona tuliondoka? Nikamwambia angoje nimalize kuulizia habari za barabara. Nimemaliza. Wote walioondoka nimewasamehe.

Haki isemwe: hadi Marsabit sina la kulalamikia. Lami ipo kutoka Isiolo hadi Moyale, nyeusi, laini, unaweza kumwaga uji ukaulamba. Wazee waliopanda juu ya malori ya ng'ombe, vumbi mpaka kwenye kope, katika misafara iliyosindikizwa na askari, wataniambia nishukuru, nami nashukuru. Zamani mtu wa Marsabit akienda Nairobi alisema anaenda Kenya. Leo Kenya imemfuata hadi mlangoni, ikanywa chai, kisha ikanyoosha moja kwa moja hadi Moyale bila kugeuza shingo kutazama kushoto, ziwa liliko.

Mbuga ya Marsabit yenyewe imeniharibia jina nyumbani. Niliwaahidi watoto jangwa, kisha nikawaambia wabebe sweta, kwa sababu mlima ule una msitu na ukungu wake wa asubuhi, na kreta zenye maji, katikati ya nchi kavu. Huko ndiko alikoishi ndovu Ahmed. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe, na askari wakawa naye mchana na usiku hadi alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake ingali imesimama kwenye Makavazi ya Nairobi. Kwa hiyo rekodi inaonyesha kwamba serikali ikiamua, inaweza kumshughulikia mkazi wa Marsabit kikamilifu. Inabidi tu awe na pembe ndefu.

Kutoka hapo kwenda magharibi ndipo mipango ilipoanza kunitoa jasho hata kabla ya jua. Nilimpigia dereva mmoja wa lori anayepeleka bidhaa North Horr, nikamuuliza njia ni ipi. Akanijibu, "Mama, njia ni nyingi, wewe tu." Chalbi ni kitanda cha ziwa lililokauka zamani sana, tambarare ya chumvi na udongo isiyo na kona, kila dereva hujichorea njia yake. Mvua ikinyesha, hata kidogo, ziwa hukumbuka kazi yake ya kwanza na gari huzama hadi ekseli. Nilipomuuliza kuhusu vibao vya barabarani, alicheka kwa heshima, kisha akaulizia afya ya watoto.

Nikauliza usalama. Hapo kila mtu ana jibu moja: "Kwa sasa kuko shwari." Hilo "kwa sasa" husemwa polepole, na aliyelisema hubadilisha mazungumzo. Ningeomba wizara ilipime, ituambie lina urefu wa siku ngapi, nasi tujue kama tubebe unga wa wiki moja au mbili.

Gari letu ni Probox. Unaijua, ndiyo inayoibeba nchi hii. Lakini kila fundi ananishauri Probox niiegeshe Marsabit, nikodi Land Cruiser pamoja na dereva anayejua kusoma michanga, tairi mbili za akiba, maji ya kutosha watu na rejeta, na jerikeni kadhaa za mafuta, kwa kuwa mbele ya Marsabit mafuta huuzwa kwenye mapipa, ukiyakuta. Nimepiga hesabu. Kwa bei hiyo, familia nzima ingeteremka Mombasa, ikalala hotelini, ikala biriani mpaka ikose adabu, na bado nikabaki na pesa ya kiatu. Ni mpango mzuri wa uhifadhi, nakubali. Mbuga isiyofikika haina takataka.

Mama mkwe wangu, ambaye ni mwenyekiti wa safari bila uchaguzi wowote, alisikiliza haya yote akisuka kiondo. Nilipomaliza, aliuliza neno moja tu: "Na choo?" Kitinda mimba wangu akasema jangwa lote ni choo. Mama mkwe alimtazama, hakusema kitu, na hoja ya mtoto ikaondolewa mezani. Ya kwake nakuletea kama ilivyo.

Langoni sheria ni wazi: pesa taslimu hazipokelewi, kiingilio hulipwa kwa mtandao. Napenda maendeleo. Ningependa tu kujua mtandao wenyewe utalipiwa kiingilio na nani, ili nao uingie Sibiloi. Kwa sasa nimepanga kulipa nikiwa Marsabit, kwa tarehe ambayo Chalbi ikiridhia ndiyo tutakayofika. Na Mbuga ya Kisiwa cha Kusini, iliyo ndani ya ziwa, lango lake ni mawimbi, na wa kwanza kukupokea ni mamba, ambao nina hakika wao hawana shida ya mtandao.

Usiniambie, Mheshimiwa, kwamba huko hakufikiki. Mwaka 1888 msafiri Mzungu aitwaye Teleki alifika ziwani kwa miguu, na msafara wa wapagazi wa pwani ulioanzia Pangani. Akaliita Ziwa Rudolf, kumtukuza mwana wa mfalme ambaye hakuwahi kuliona. Tukalibadilisha jina mwaka 1975. Hata yeye alifika bila kibao. Lakini Teleki hakubeba mzigo wake mwenyewe, na mimi wapagazi wangu wote wako chini ya miaka kumi na mitano na wanachoka wakitumwa dukani.

Ziwa lenyewe, nalo, lina kiburi chake. Mwaka 2018 UNESCO ilizitia mbuga hizo za Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini, hofu kubwa ikiwa bwawa la Gibe III huko Ethiopia kuufunga mto Omo, ambao ndio unaolilisha ziwa. Wataalamu wakakaa wakingoja lipungue. Likapanda, likameza nyumba na makaburi ya Waelmolo, watu wachache wanaoishi kwa uvuvi ukingoni mwake. Nani wa kumlaumu mtalii akishindwa kupanga, ikiwa ziwa halipangiki?

Sasa nije kwenye kilichonifanya nichukue kalamu. Kusini ya Loiyangalani, pale Sarima, kuna mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, jumla megawati 310. Upepo wa huko hubanwa kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru, ukatoka na hasira za kung'oa hema. Mabawa ya mitambo hiyo, kila moja likiwa na urefu wa mita 25 hivi, yalishushwa bandarini Mombasa, yakapakiwa kwenye malori, yakasafiri zaidi ya kilomita 1,000. Yalipofika Laisamis, hakuna aliyeyashauri yakodi Land Cruiser. Hakuna aliyeyaambia "njia ni nyingi, wewe tu." Barabara ya kilomita 208 kutoka hapo hadi Sarima ilitengenezwa, kona zikapanuliwa, mabonde yakasawazishwa, ili bawa lipite bila kukwaruzwa.

Umeme nao, ulipokuwa tayari kuondoka, ulijengewa njia yake: nyaya za zaidi ya kilomita 400, kutoka ziwani hadi Suswa, zikipita juu ya manyatta ambayo taa yake ni mwezi. Nyaya zilipochelewa, mwekezaji alilipwa kwa umeme uliokuwa umekaa tu ukisubiri usafiri. Familia yangu imekaa ikisubiri usafiri wa kwenda Sibiloi tangu mwaka 1973, vizazi vitatu sasa, na hakuna aliyetuletea hata soda.

Barabara hiyo, kama nilivyoelezwa, iliishia pale upepo unapoanza kulipa. Mbele yake ni miamba myeusi ya volkeno, miiba, na mafuvu ya mababu wa dunia nzima, na mafuvu hayazalishi megawati. Nimewaza sana nikaona tatizo letu ni la uandikishaji. Tumekuwa tukijitambulisha kama watalii wa ndani, wananchi, wazazi, wanafunzi wa historia. Hivyo ni vyeo vya watu wa kuambiwa wasubiri.

Kwa hiyo naomba familia yangu iandikishwe rasmi kama mitambo ya upepo. Tuko sita. Kwa usafirishaji sisi ni nafuu kuliko vifaa vya Sarima: mama mkwe wangu ana urefu wa mita moja na nusu, hatuhitaji kona yoyote kupanuliwa kwa ajili yake, na akiwekewa mto wa mgongo anaweza kusafiri amekaa. Tukishaandikishwa, tunatarajia barabara ifuate kwa kasi ileile, kutoka Sarima hadi Loiyangalani, kisha hadi ghuba ya Alia, huko Sibiloi. Kibao kimoja pale njia zinapoachana kitatosha, hata kikiwa cha mbao.

Najua utauliza uwezo wetu wa uzalishaji. Mtambo mmoja wa Sarima hutoa kilowati 850. Watoto wameanza mazoezi uani, mikono wameinyoosha, wakizunguka kila upepo unapovuma, na huyu wa gredi ya sita anakadiria kwamba akila vizuri anaweza kufikia kilowati moja. Mama mkwe amekataa kuzunguka mpaka swali lake la choo lijibiwe kwa maandishi.

Wako mtiifu,
Mlipa kodi na mmiliki wa Probox,
Nairobi